Kaka, Acha Kumfokea Shemeji Uwanjani: Sevu Kali Hairudishwi kwa Hasira

Wadau, kuna kaka mmoja, jina linahifadhiwa maana ni mtu wa watu. Wabongo wengi walioko kusini mwa Marekani wanamfahamu, sherehe bila yeye haijanoga. Siku hizi yeye na mkewe wamehamia kwenye pikoboli, ule mchezo wa vibao na mpira wa plastiki wenye matundu, ambao Wamarekani wameupenda mpaka viwanja vya tenisi vinachorwa mistari upya. Kila Jumamosi wanacheza wawili wawili na wanandoa wenzao. Mpaka hapo safi kabisa.

Balaa linaanza pale upande wa pili anaposimama jamaa mwenye mkono mzito. Sevu inakuja chini chini, kasi, inadunda karibu na mstari wa nyuma. Shemeji anauvuta mkono nyuma, anapiga, mpira huo kwenye neti. Basi! Kaka anageuka: "Mama watoto, chapa huo mpira! Unauogopa nini?" Unakuja mwingine, mama watoto anachapa kweli, unatoka nje. "Sasa huo nao ni nini?" Watu kimya, kila mtu anajifanya anafunga kamba za viatu. Jumamosi iliyopita, wakiwa nyuma nane kwa tatu, shemeji aliweka kibao chini, akatembea taratibu hadi kwenye gari, akafunga mlango.

Wajuaji wameshatoa hukumu. Kundi la kwanza linasema mke ndiye mzembe, anamwangusha mwenzake. Kundi la pili linajifanya lina huruma: eti wanaume wapunguze nguvu wanapowapigia wanawake sevu. Wote wamekosea, na hao wa pili wamekosea huku wakitabasamu. Mwanamke aliyelea watoto huku akifanya kazi za zamu za usiku hahitaji kurushiwa mpira wa kubembelezwa kama mtoto. Anahitaji kuelezwa jinsi ya kuurudisha, na hicho ndicho ambacho mumewe, pamoja na kelele zote zile, hajawahi kumwambia.

Maana hebu sikiliza anachomwambia. Chapa. Mpira umekuja na nguvu zake mwenyewe, wewe unataka aongeze nyingine za nini? Sevu ya kasi inazuiwa na kusindikizwa tu. Mkono hauendi nyuma sana, kibao kinatangulia mbele ya mwili, kinashikwa bila kukabwa, kinakutana na mpira halafu kinauelekeza. Mlango ukitaka kujibamiza kwa upepo unaweka kiganja, huupigi ngumi.

Halafu anamwambia asogee mbele. Hapa ndo pa kucheka kwa uchungu. Sheria ya pikoboli inataka sevu idunde kwanza kabla ya kurudishwa, kwa hiyo anayeipokea hapati zawadi yoyote kwa kuiwahi hewani. Akifanya hivyo ni kosa. Kwa sevu ndefu na kali mtu anasimama hatua moja au mbili nyuma ya mstari wa mwisho, mpira udunde, umfikie ukiwa umeanza kupoa. Ukija mfupi anaukimbilia. Kukimbia kwenda mbele kila mtu anaweza. Kurudi kinyumenyume huku mpira unakuja miguuni ndo kazi. Na shemeji kila Jumamosi anapangwa ndani ya mstari, halafu anaulizwa mbona mpira unamkuta miguuni!

Lakini kosa kubwa zaidi ni kuamini kwamba mpira wa kurudisha lazima uwe mkali. Waliopiga sevu nao wamefungwa na sheria: mpira uliorudishwa lazima udunde upande wao pia kabla hawajaugusa. Hawawezi kuja mbele kuudaka hewani. Maana yake ni kwamba upande unaopokea ndo wenye faida, mradi wote wawili wafike mbele, kwenye ule mstari wa eneo la futi 7 kutoka kwenye neti ambalo wachezaji wanaliita jikoni. Kaka yuko pale tayari, amesimama kifua mbele. Mkewe bado yuko nyuma. Akirudisha mpira wa juu kiasi, wa taratibu, unaoangukia ndani kabisa karibu na mstari wao wa nyuma, anapata muda wa kutembea hadi mbele na wale wamebaki kule kule. Akichapa kama anavyoagizwa, hata ukiingia, unamrudia yuko katikati ya safari.

Na hesabu za pointi? Kwa utaratibu wa kawaida pointi inapata upande uliopiga sevu tu, gemu inaisha 11. Kwa hiyo kila mpira wa kupokea unaokwenda neti ni pointi ya bure kwa mpinzani. Kuurudisha tu, hata kizembe, ni bora kuliko kuuchapa kwa mbwembwe ukaenda kwa jirani. Hayo kaka hayajui, au anayajua na anaona aibu mkewe akipiga mpira wa kiungwana.

Wala hiyo sevu si jini. Inapigwa kutoka chini, chini ya kiuno, tena mara moja tu, hakuna nafasi ya pili kama tenisi. Lazima ivuke jikoni na itue kwenye boksi la mshazari lenye futi 10 kwa 15. Mpira wenyewe una matundu, hewa inaupunguza kasi njiani. Hata ule ujanja wa kuuzungusha kwa vidole kabla ya kuupiga ulipigwa marufuku mwaka 2023. Kwa hiyo huyo anayesema haurudishiki naye anyamaze.

Mchezo wenyewe ulibuniwa mwaka 1965 kwenye kisiwa cha Bainbridge, karibu na Seattle, ili familia zilizochoka kukaa bure zipate cha kufanya pamoja, watoto kwa wazazi. Jina lake linasemwa lilitoka kwa Joan, mke wa Joel Pritchard, mmoja wa wabunifu. Yaani hata jina la mchezo ni la mama watoto.

Sasa lile ambalo wengi hawalisemi. Kuna siku huyo kaka alicheza na rafiki yake, dume zima, na jamaa alipeleka mpira wa kupokea neti mara tatu mfululizo. Kaka alisema nini? "Pole, kaka, itakuja tu." Akampiga bega. Tena kwa sauti ya upole kabisa. Kumbe upole anao! Mbona nyumbani unaisha?

Kuna mama mmoja mstaafu hapo uwanjani, goti lake limefungwa bandeji, sevu kali kwake ni kama salamu. Jumamosi ile alimfuata shemeji kwenye gari, akagonga kioo: "Mwanangu, Jumatano njoo kwetu. Tuko akina mama watupu, na kuna kijana anatupigia sevu kali kwa makusudi, tujifunze." Shemeji amekubali. Kaka naye anasema atakwenda kumwangalia. Abaki nyumbani na watoto.