Chapo si adui, angalia mafuta na chumvi

Kijana mwenzangu, ukisikia mtu akijigamba kuwa ameacha chapati kabisa ili apunguze uzani, mpe wiki mbili. Utampata kibandani saa mbili usiku, ana tatu kwenye sahani na aibu usoni. Msee huyo namjua vizuri kwa sababu ni mimi.

Niliacha kujidanganya siku mamangu alipoanzishiwa dawa za presha. Daktari hakumkataza chapo. Alimuuliza anakula ngapi, anamimina mafuta kiasi gani, na kama huongeza chumvi mezani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Sasa piga hesabu: smokie na kachumbari ya chumvi, chipsi mchana, kiungo cha pakiti kwenye mchuzi. Jioni haijafika na kijiko kimeisha!

Kwa hivyo chapo nakula Jumapili, mbili, za mafuta kidogo, na ndengu na sukuma ya kutosha. Nyama choma pia nakula, ila ile chumvi ya kando inabaki kwenye ubao. Nilichokataa kabisa ni chipsi za mafuta meusi yaliyochemka tangu asubuhi, hata ziwe za bei gani. Na kutoka steji natembea, boda nimempumzisha.

Uzani unashuka pole pole, si wa kupigia picha. Mama bado anapika chapo, na siku hizi kopo la chumvi analificha mwenyewe.