UKURASA WA NYUMBANI: Jiko tulipake rangi gani?

  

Mvua zimekatika. Ukipita mitaani mwetu hapa kambini utaona kazi ni moja tu: watu wanatengeneza majiko. Udongo umeporomoka, fito zinaonekana kama mbavu za mbuzi mwenye njaa, na kila familia iko mbioni kukandika upya. Ndiyo maana mwezi huu tumepata swali lile lile kutoka kwa watu mbalimbali: jiko likishakandikwa, tulipake rangi gani?

Wako watakaocheka. Eti mtu mgao haumfikishi mwisho wa mwezi, halafu anauliza rangi ya jiko! Sisi hatucheki. Jikoni ndiko mama anakokaa saa nyingi kuliko mahali pengine popote. Ndiko mtoto mchanga anakotambaa, na ndiko bibi anakoota moto asubuhi. Kama kuna chumba kinachostahili kufikiriwa, ni hicho.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: chagua rangi inayokuonyesha mambo, usichague rangi inayokuficha mambo. Sasa tueleze.

KWETU ILIKUWAJE

Wale waliowahi kwenda dago Rongui, au visiwa vya jirani kama Tecomaji na Vamizi, wanajua jiko la mvuvi lilivyo. Mafiga matatu, kiambaza cha makuti cha kuzuia upepo, basi. Moshi unachukuliwa na kusi, na mwanga ni wa jua lenyewe. Hapo hakuna anayeuliza rangi, maana hakuna ukuta.

Lakini nyumba za mjini kwetu pwani zilikuwa na kuta, na kuta zile zilipakwa chokaa. Ibo mpaka leo inajulikana kwa majumba yake ya mawe na chokaa. Chokaa yenyewe ilitoka baharini: mawe ya matumbawe yanapangwa juu ya rundo la kuni, yanachomwa mpaka yaive, kisha yanamwagiwa maji yanapasuka na kuwa unga mweupe. Kazi ile ilikuwa na hasara yake pia, kwa kuwa matumbawe ndiyo nyumba ya samaki, na tanuu lilikula kuni nyingi. Kwa hiyo hatusemi turudie yote ya zamani. Tunasema tu kwamba wazee hawakuchagua weupe kwa sababu ya fahari peke yake. Walikuwa na akili yao.

KWANZA: MWANGA

Ukuta uliopakwa chokaa vizuri hurudisha takriban sehemu nane kwa kumi za mwanga unaoupiga. Ukuta wa udongo mwekundu hurudisha kama mbili tu. Ukuta wenye masizi haufikishi hata moja. Maana yake ni kwamba dirisha lile lile dogo, na taa ile ile ya sola, vitakupa mwanga mwingi zaidi bila wewe kununua kitu kingine. Utaona mchele kama una mawe, maharage kama yana wadudu, na kisu kimelala wapi.

PILI: MOSHI

Hapa wengi wanatupinga. Wanasema, "Jiko la kuni ulipake rangi nyeupe? Si litakuwa jeusi baada ya wiki mbili!" Ndiyo, litakuwa jeusi. Na hiyo ndiyo faida yake.

Ukuta mweusi haukuambii kitu. Ukuta mweupe unakuchorea njia ya moshi. Baada ya wiki mbili angalia doa liko wapi. Kama limepanda moja kwa moja juu ya mafiga na kuishia kwenye tundu la juu, moshi unatoka. Kama limetanda upande anaokaa mpishi, basi moshi huo huo unaingia kifuani mwake kila siku. Hapo unajua la kufanya: ongeza tundu upande ule, au sogeza mafiga karibu na mlango.

Hili si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani, WHO, limekadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000. Rangi peke yake haiondoi moshi, tusidanganyane. Rangi inakuonyesha moshi ulipo, na kuutoa ni kazi yako.

Ila tahadhari moja: paa la makuti au nyasi liache na weusi wake. Wazee wanajua moshi hufukuza wadudu wanaotafuna paa. Sisi tunazungumzia kuta tu.

TATU: RANGI TATU ZINATOSHA

Usichanganye rangi nyingi mpaka jiko liwe kama kapulana. Gawa jiko mafungu kumi. Sita ziwe rangi kubwa ya ukutani, tatu ziwe rangi ya pili, na moja iwe rangi ya kupambia. Mpango tunaoupendekeza ni huu:

1. Ukuta wa juu, kuanzia kiunoni kwenda juu: nyeupe. Tumia chokaa ya mfuko ya dukani, na kama hela hakuna, udongo mweupe wa mtoni uliochujwa vizuri. Ukitaka weupe uliotulia, tia buluu ya kufulia nguo, kidogo sana kwenye ndoo. Ukizidisha unapata rangi ya samawati, ambayo nayo si mbaya.

2. Mkanda wa chini, kuanzia sakafuni mpaka magotini au kiunoni: udongo mwekundu. Huku ndiko matone ya matope, miguu ya watoto na maji ya kuoshea vyombo yanakofika. Ukuta mweupe ungekutesa hapo bure. Wekundu wa udongo ni kutu ya chuma iliyomo ndani yake, na rangi ya namna hiyo haipaushwi na jua wala haigombani na chokaa. Ukipata udongo wa manjano, unaweza kuuchanganya na chokaa ukapata rangi ya manjano iliyopauka. Na udongo huo wa manjano ukiuchoma motoni unageuka mwekundu. Jaribuni mtaona.

3. Rangi ya kupambia: majivu kwa kijivu, au mkaa uliosagwa kwa weusi. Mstari mmoja kati ya nyeupe na nyekundu, au maua machache mlangoni. Hapo waachieni mabinti na vijana waonyeshe ufundi wao.

NNE: UKINGO WA MEKO

Tunaomba jambo hili lisisahaulike. Kama meko yenu yamejengwa kwa udongo, pakeni ukingo wake rangi inayopingana na sakafu. Sakafu ni nyekundu? Ukingo uwe mweupe. Fanyeni vivyo hivyo kwenye kizingiti na kwenye ukingo wa kichanja cha vyombo. Mzee mwenye mtoto wa jicho haoni kitu cheusi juu ya cheusi, lakini mstari mweupe anaweza kuuona. Mtoto naye unamfundisha: "Mstari mweupe usivuke." Mnajua wenyewe ni watoto wangapi wameunguzwa na uji. Chokaa ya kujaza kikombe tu inatosha kwa kazi hiyo.

NAMNA YA KUPAKA

Acheni udongo ukauke kabisa kwanza. Ukiona nyufa, changanyeni udongo na nyasi zilizokatwakatwa mzizibe. Chokaa ichanganyieni nje, watoto wakiwa mbali, iwe nyepesi kama maziwa. Wengi hutia chumvi kidogo ili ishike. Kama ni chokaa ambayo haijazimwa, inachemka yenyewe ikikutana na maji na inaweza kuruka machoni. Ikiingia jichoni, osha mara moja kwa maji mengi safi, endelea kuosha kwa muda mrefu, kisha kimbilia zahanati. Usisubiri kesho.

Lowesha ukuta kidogo, halafu paka mkono mwembamba. Utadhani hujapaka kitu, maana chokaa ikiwa mbichi haionekani sana. Inakuwa nyeupe inapokauka. Subiri siku moja, paka mkono wa pili, na wa tatu ukiweza. Mikono mitatu myembamba ni bora kuliko mmoja mzito, kwa sababu mzito hubanduka na kuangukia sufuriani.

Kabla ya kupaka jiko zima, jaribu mahali padogo, kama ukubwa wa sinia. Liangalie doa hilo asubuhi, mchana, na usiku kwa taa. Rangi za udongo zikikauka hupauka kuliko zilivyokuwa ndooni. Na samawati iliyokupendeza mchana inaweza kuonekana kama kijivu mbele ya koroboi.

Wenye kuta za turubai: chokaa haishiki kwenye plastiki, msihangaike. Cha muhimu ni kujenga kiambaza cha udongo kati ya moto na turubai, maana turubai huyeyuka na kuwaka. Kiambaza hicho ndicho mkipake chokaa.

RANGI ZA MAKOPO

Wako wanaotuuliza kuhusu rangi ya mafuta, tinta kama wengi wetu tunavyoiita. Inang'aa, inapanguswa kwa kitambaa, ni kweli. Lakini kuweni macho. Baadhi ya rangi za mafuta zina madini ya risasi, hasa za manjano, rangi ya chungwa na nyekundu kali. Ukuta ukianza kubanduka, mtoto anaokota vipande anatia mdomoni. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na WHO inasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa ni salama. Kwa hiyo msinunue kopo lisilo na maandishi, wala masalio ya rangi yasiyojulikana yalikotoka. Na kopo la rangi likiisha lisigeuzwe kuwa la kuchotea maji.

"TUNAPAKA NYUMBA YA NANI?"

Tumeacha swali gumu mwisho. Katika nyumba moja tuliyotembelea, baba alimwambia mkewe, "Mama watoto, tunapamba nyumba ya nani hii? Si tunangoja kurudi kwetu?" Mkewe akajibu, "Baba watoto, moshi haungoji turudi."

Tuliwaelewa wote wawili. Baba ana haki ya kuogopa. Tangu Oktoba 2017 Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, tangu Septemba 2020 vita vilipofika Vamizi, tangu Machi 2021 Palma ilipokimbiwa, kila mmoja wetu ameacha jiko nyuma yake. Wengine wamekwisha kurudi, wengine bado. Mtu aliyeacha jiko lake anaona kama kulipamba la hapa ni kulisahau la kule.

Lakini tuangalie na historia. Vita vya uhuru vilivyoanza mwaka 1964 viliwavusha watu wetu wengi Rovuma kuingia Tanzania. Vita vya pili vilipokwisha kwa mapatano ya Oktoba 1992, wakimbizi wa Msumbiji kama milioni 1.7 walirudi kutoka nchi za jirani katika miaka michache iliyofuata. Walikuwa wamekaa ugenini miaka mingi. Walipika, walizaa, walilea, na siku ilipofika walirudi.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku yetu ya tatu imepita zamani. Na chokaa si saruji, haimfungi mtu. Ni ya msimu mmoja, pengine miwili, kisha mvua inaiosha. Mtu akipaka jiko chokaa hajaahidi kukaa hapa milele. Ameahidi tu kwamba mwaka huu watoto wake hawatakula gizani.

Basi, mwezi huu kila familia ijaribu angalau jambo moja: mstari mweupe kwenye ukingo wa meko. Wenye nguvu ya kupaka ukuta mzima wapake, na baada ya wiki mbili watazame moshi umechora nini. Vijana wenye mikono miepesi, pitieni kwa wazee wanaoishi peke yao muwasaidie. Ndoo moja ya chokaa inatosha majiko kadhaa mkichangiana.

Mkimaliza, njooni mtuambie mmetumia udongo wa wapi na umetoa rangi gani. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumzia namna ya kuhifadhi unga usiingie wadudu. Kazi njema, na wasalimieni wote nyumbani.