Mkopeshaji Ndiye Alete Ushahidi

Mfanyakazi wa kaunti hukatwa mshahara kila mwisho wa mwezi ili kulipa mkopo wa benki. Karatasi yake ya mshahara inaonyesha makato hayo waziwazi. Lakini mwajiri hakuwasilisha pesa benki mwezi wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu, na mkopo ukahesabiwa kuwa haulipwi. Jina linaloingia CRB, yaani kwenye mashirika yanayotunza taarifa za wakopaji, ni la mfanyakazi, ambaye pesa zile hakuzigusa hata kidogo. Visa vya namna hii vimewapata watumishi wa kaunti na wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtia hatiani mwajiri anayekata na asiwasilishe. Hata hivyo, miaka inapopita na mfanyakazi huyo akaenda kuomba mkopo wa kujenga nyumba, ni yeye anayeambiwa akatafute karatasi za zamani ajitetee.

Mzigo umewekwa upande usiostahili. Anayesema deni lipo ana kompyuta, makarani, mawakili na kumbukumbu za kila shilingi. Anayedaiwa ana simu, na huenda ameibadilisha mara kadhaa tangu alipopokea ujumbe wa kuthibitisha malipo. Bado huyu wa pili ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Kwa deni la mwezi uliopita hilo linavumilika. Kwa deni la miaka saba au minane iliyopita, ni dhuluma.

Hakuna haja ya kudai CRB zifungwe. Kanuni za kwanza za Benki Kuu ya Kenya kuhusu taarifa za wakopaji zilitoka mwaka 2008, shirika la kwanza likapata leseni mwaka 2010, na leo majina yanayojulikana zaidi ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kanuni za mwaka 2013 ziliongeza jambo la maana: wakopeshaji walitakiwa kupeleka habari za wanaolipa vizuri pamoja na za wanaokwepa. Mwuza mboga asiye na hatimiliki ya shamba anaweza sasa kuonyesha kwamba amekopa na kulipa miaka mitano mfululizo. Akiba za wenye akaunti nazo zinalindwa, maana pesa zinazokopeshwa ni zao. Faida hiyo yote inategemea jambo moja tu, kwamba kilichoandikwa ni kweli.

Historia ya karibuni inaonyesha jinsi ukweli huo unavyoharibika. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilizinduliwa Novemba 2012, na baada yake programu za mikopo ya simu zikazagaa. Utafiti wa shirika la MSC uliotolewa mwaka 2019 ulikuta kwamba Wakenya milioni 2.7 walikuwa wameingizwa CRB katika muda wa miaka mitatu, na 400,000 kati yao walidaiwa chini ya dola 2 za Marekani, yaani kama Sh200. Aprili 2020 Benki Kuu iliingilia kati. Iliweka kiwango cha chini cha Sh1,000, ikaagiza walioingizwa kwa kiasi kilicho chini ya hapo waondolewe, na ikawanyang'anya idhini ya kupeleka majina wale wakopeshaji wa simu ambao hawakuwa chini ya usimamizi wake. Sababu iliyotolewa inafaa kukumbukwa: umma ulikuwa umelalamika mno kuhusu matumizi mabaya ya mfumo, na wakopeshaji hao walikuwa wazito kuyajibu malalamiko ya wateja. Baadhi ya programu za wakati ule hazipo tena sokoni. Aliyekopa kwazo mwaka 2018, akalipa, na jina lake likabaki pale pale, amwandikie nani?

Kisha ukaja msamaha wa Novemba 2022. Benki Kuu ilitangaza mpango wa kuwasafishia majina watu wapatao milioni 4.2 waliokuwa na mikopo ya simu ya siku 30 au chini ya hapo, iliyokuwa imekwama. Jumla yake ilikuwa karibu Sh30 bilioni, wastani wa Sh7,000 hivi kwa kila mmoja. Wakopeshaji walitakiwa kusamehe angalau nusu, na mkopaji kumaliza iliyobaki kabla ya Mei 2023 kwisha.

Mpango huo ulistahili kufanywa. Lakini haukuwa na neno lolote kwa mtu asiyedaiwa. Aliyeandikiwa Sh4,000 kimakosa alikuwa anapunguziwa hadi Sh2,000, nazo pia hadaiwi. Mwenye mahojiano ya kazi wiki ijayo atashawishika kulipa tu yaishe, kwa sababu cheti cha CRB kimekuwa kikidaiwa na waajiri kwa miaka mingi pamoja na vyeti vya polisi, KRA (mamlaka ya kodi), HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) na EACC (tume ya kupambana na ufisadi). Akishalipa, kumbukumbu itaonyesha mtu aliyekuwa na deni baya akalimaliza. Uongo unakuwa umepigwa muhuri na yule yule aliyezuliwa.

Kosa linaloumiza zaidi katika madeni ya zamani, hata hivyo, halionekani kwa urahisi. Ni tarehe. Kwa kanuni za Kenya, kumbukumbu mbaya hutunzwa miaka 5 tangu siku deni lilipomalizwa. Chukua mtu aliyemaliza mkopo wake Machi 2017, kisha mkopeshaji akachelewa kuyasajili malipo hayo hadi Machi 2021. Jina lilipaswa kusafika Machi 2022. Kwa kumbukumbu hiyo mbovu litasafika Machi 2026. Ameongezewa adhabu ya miaka minne bila kufika mbele ya hakimu yeyote. Kiasi kimeandikwa sawasawa, jina ni lake, nambari ya kitambulisho ni yake. Anayeipitia ripoti haraka haoni kasoro.

Tarehe hupotea kwa urahisi zaidi deni linapohama. Benki za CBA na NIC ziliungana mwaka 2019 zikawa NCBA. Chase Bank iliwekwa chini ya mrasimu Aprili 2016, na mwaka 2018 sehemu ya mali na madeni yake ikachukuliwa na benki ya SBM. Mkopo ulioanzia kwenye vitabu vya benki moja unaweza leo kuwa kwenye vitabu vya nyingine, au mikononi mwa mkusanyaji wa madeni ambaye mkopaji hakuwahi kumsikia. Hakuna ubaya katika kuhama kwenyewe. Lakini kila mkopo unapohama kuna anayejaza upya safu za tarehe, na ni rahisi siku ya uhamisho kuandikwa mahali pa siku ya malipo. Mwenye deni hayupo pale kumrekebisha.

Kenya ingeweza kupunguza madhara haya kwa kubadili mahali pa kuanzia kuhesabu. Sheria ya Marekani kuhusu taarifa za wakopaji, iliyopitishwa mwaka 1970, huruhusu deni lililokwama kubaki katika ripoti kwa kawaida miaka 7, inayohesabiwa tangu mkopaji alipoacha kulipa. Akilipa katika mwaka wa sita, hesabu hairudi mwanzo. Deni likiuzwa kwa mkusanyaji mwingine, hairudi vilevile. Uingereza huhesabu miaka 6 tangu mkopo ulipotangazwa kukwama. Kenya inahesabu tangu malipo, na matokeo yake ni kwamba aliyepoteza kazi, akakaa miaka mitatu bila kulipa, kisha akajikakamua na kulimaliza deni, anabeba alama hiyo miaka minane. Hata huko ng'ambo makosa hayajaisha: uchunguzi wa Tume ya Biashara ya serikali kuu ya Marekani, uliotolewa mwaka 2013, ulikuta mtu mmoja kati ya watano ana kosa katika angalau ripoti moja kati ya tatu zinazomhusu. Tofauti ni kwamba muda una mwisho unaojulikana, na malipo hayausogezi.

Yapo pia makosa ambayo wakopaji wengi hawajui kama ni makosa. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika Kenya tangu mwaka 2007, kinasema riba haiwezi kuzidi deni la msingi lililobaki siku mkopo ulipokwama. Kama zilikuwa zimebaki Sh50,000, riba haiwezi kupita Sh50,000 nyingine, ukiacha gharama za kulifuatilia deni. Ripoti inayosema mkopo huo wa benki wa mwaka 2014 sasa umefika Sh240,000 inadai maelezo marefu. Wengi wakiona tarakimu kama hiyo huogopa na kuinamisha kichwa, ilhali sheria iko upande wao.

Tena kuna suala la muda wa kushtaki. Sheria ya Kenya humpa mkopeshaji miaka sita kwenda mahakamani kwa deni la mkataba. Miaka hiyo ikipita, haki ya kushtaki hukoma, ila mkopaji akilipa hata kidogo au akikiri deni kwa maandishi, miaka sita huanza upya. Mkusanyaji anayepiga simu na kubembeleza atumiwe hata mia tano tu huenda analijua jambo hilo vizuri. Anayetuma halijui. Mtu akipigiwa simu kuhusu deni la kale asilolikumbuka, aombe kwanza maelezo kwa maandishi: mkataba uko wapi, mkopo ulitolewa lini, malipo ya mwisho yalikuwa lini. Asitume hata shilingi kabla ya kupata majibu hayo.

Njia ya kusahihisha ipo. Kila Mkenya ana haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka, na ni vyema aangalie ya zaidi ya shirika moja, maana si lazima zifanane. Akikuta kosa, aliandikie shirika lenyewe na mkopeshaji, na barua itaje kasoro yenyewe: tarehe hii si sahihi, malipo haya hayakusajiliwa, mkopo huu sikuuchukua. Barua inayoomba tu jina liondolewe ni rahisi kupuuzwa. Wakati uchunguzi ukiendelea, shirika linatakiwa kuweka alama katika ripoti kwamba taarifa hiyo inapingwa. Kanuni pia zinamtaka mkopeshaji kumpa mteja notisi ya siku 30 kabla ya kulipeleka jina, kwa hiyo swali la kwanza katika barua liwe: notisi ilitumwa lini, na kwa anwani au nambari gani? Kwa deni la zamani swali hilo huwatoa jasho wakopeshaji.

Wakikaa kimya, ipo Benki Kuu, na ipo Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kurekebishiwa taarifa za uongo zinazomhusu, na malalamiko yanayofika kwa Kamishna yanatakiwa kukamilishwa ndani ya siku 90. Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia ujumbe wa vitisho. Kesi ile haikuhusu CRB, lakini ilionyesha kwamba mkopeshaji wa simu anaweza kufikiwa na sheria.

Tanzania inapita njia hiyo hiyo. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania kuhusu taarifa za wakopaji ni za mwaka 2012, nchi ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2022, na Novemba 2024 Benki Kuu hiyo ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Inavyozidi mikopo ya simu kuingia vijijini, ndivyo watu wanavyozidi kuwa na faili wasizojua kama zipo.

Wakopeshaji wana hoja yao, nayo isipuuzwe. Wapo wanaokopa kwa nia ya kutolipa, na wakibanwa hudai kumbukumbu zimekosewa. Kama kila malalamiko yangefuta deni, wangeharibikiwa wale wanaolipa kwa uaminifu, kwa kuwa riba ingepanda juu yao. Lakini deni la kweli halifutwi kwa kumtaka mdai alete mkataba, hesabu ya malipo na notisi aliyotuma. Mkopeshaji mwenye vitu hivyo huvitoa kwa siku moja. Asiye navyo hakupaswa kulipeleka jina la mtu tangu mwanzo, na shirika lililolipokea jina hilo lilifute ndani ya muda wa uchunguzi, bila kumrudisha mlalamikaji kwenye foleni ya ofisi nyingine.

Tarehe ya kumaliza deni nayo iwe ile iliyo kwenye risiti ya benki au ujumbe wa M-Pesa, bila kujali mkopeshaji aliiingiza lini katika mitambo yake. Aliyekatwa mshahara ahesabiwe kuwa amelipa siku alipokatwa, na benki imfuate mwajiri. Tena Benki Kuu ya Kenya huchapisha kila mwaka ripoti ya usimamizi wa benki, yenye takwimu za matumizi ya taarifa za wakopaji. Iongeze humo jedwali moja: jina la kila mkopeshaji, idadi ya malalamiko aliyopokea, mangapi yalikutwa kuwa ya haki, na siku alizochukua kuyasahihisha.