*TAMKO LA TAWI: USHURU NI SIFURI, TUACHE NJIA ZA PANYA*

Ndugu wanachama na wakereketwa wa tawi letu hapa Namanga,

Tangu Januari 2010, bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hazitozwi ushuru wa forodha zikienda nchi nyingine mwanachama. Haki hiyo ni yetu pia, sisi wa vitunguu, maharage na mahindi. Lakini hadi leo wenzetu wengi wanavusha mzigo usiku kwa bodaboda, wakiamini kwamba getini ni kwa wenye malori. Mzigo ukikamatwa, mtaji umekwenda. Ukipita salama, faida imeliwa na vishoka.

Tunaomba jambo moja lieleweke: *ushuru sifuri hauji wenyewe, unadaiwa kwa karatasi.* Karatasi hiyo ni cheti cha uasili, kinachothibitisha kwamba mali imezalishwa kwetu. Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na bidhaa ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, kipo cheti rahisi ambacho forodha wanakigonga muhuri hapa hapa mpakani. Mzigo mkubwa zaidi unahitaji cheti kamili.

Tusidanganyane, cheti hakimalizi kila kitu. Mazao yanahitaji cheti cha usafi wa mimea, nafaka zinahitaji kibali cha kuuza nje, na kodi za ndani za nchi unakopeleka zipo. Tukumbuke Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, lakini sharti la kupima sumukuvu likabaki. Ushuru ulikuwa sifuri wakati wote huo, na bado malori yalisimama. Kwa hiyo anayekausha mahindi yake juu ya turubai badala ya kuyaanika chini, analinda soko letu sote.

Nasi viongozi tukiri kosa. Kura za wachuuzi hawa tumeziomba kila uchaguzi, lakini hatujawahi kukaa nao tukawaonyesha fomu hii. Tunaanza sasa. *Jumamosi hii, saa 10 jioni, ofisi ya tawi,* tutaijaza pamoja, mstari kwa mstari. Njoo na daftari lako la mauzo. Si lazima uwe na kadi ya chama.

Kwa wahusika wa forodha, ombi letu ni dogo: orodha ya bidhaa na hatua za kupata cheti zibandikwe kwa Kiswahili getini, mahali ambapo mama mwenye gunia moja atasoma mwenyewe bila kumuuliza kishoka.

Tafadhali mtumie mfanyabiashara mwenzako ujumbe huu.

_Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi_