Miwani Haiwezi Kukaza Nati



Siku hizi yavuma maneno ya kwamba mafunzo ya kazi yatafanywa kwa miwani. Si miwani ya kusomea gazeti. Ni chombo kinachofungwa kichwani na kuziba macho yote mawili, na ndani yake mna vioo viwili vidogo. Kila jicho laonyeshwa picha yake, na ukigeuza kichwa picha nayo hugeuka, hata ukadhani umesimama mbele ya injini, kumbe umeketi kitini. Wataalamu huita jambo hili uhalisia pepe. Kwa njia hiyo mwalimu aweza kukaa Nairobi, au hata Ulaya, akawafundisha vijana walioko Voi, Nakuru na Kisumu kwa saa ileile, bila nauli na bila posho ya kulala.

Hayo ya nauli na posho ndiyo yaliyotufanya tutege masikio.

Hatutaki kusingiziwa ya kwamba sisi ni adui wa mashine mpya. Wazee wetu hawakuikataa dizeli ilipoondoa mvuke, wala sisi hatukuikataa reli ya SGR ilipoanza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Tena twakubali faida iliyopo. Marubani wa ndege wamejifunza kwa vyombo vya kuigiza tangu Mmarekani Edwin Link alipotengeneza chake mwaka 1929. Moto ndani ya behewa, au breki kushindwa kwenye mteremko, ni mambo yasiyoweza kufanyiwa mazoezi kwa gari la kweli lenye watu. Hapo miwani yafaa, nasi twasema iletwe.

Lakini kumsaidia fundi ni jambo moja, na kumwondoa fundi ni jambo jingine.

Kazi yetu haijui macho peke yake. Ukigonga gurudumu kwa nyundo, lililo zima hulia kama kengele, na lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Beringi inayoungua huijua kwa harufu kabla hujaona moshi. Paipu ya breki inayovuja hewa huisikia, tena huihisi kwa kiganja. Nati iliyokazwa sawasawa hujulikana na mkono. Je, miwani ina harufu? Ina uzito wa spana? Kijana akiweka mguu mahali pabaya katikati ya mabehewa, mwalimu aliye mbali atamvuta kwa mkono gani? Tulisoma shule za misheni, twamkumbuka Tomaso: hakuridhika na habari mpaka aambiwe atie kidole chake. Katika imani alikemewa, lakini katika karakana angekuwa mkaguzi mzuri sana.

Wazee walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake ni kwamba ufundi huingia kwa kukaa karibu na moto, hata kama kazi yako ya leo ni mifuo tu.

Wauzaji hupenda kutuonyesha hesabu ya kampuni ya PwC ya mwaka 2020, ya kwamba waliofundishwa kwa miwani walijifunza mara 4 upesi kuliko waliokaa darasani. Ulizeni walifundishwa nini. Walikuwa mameneja wapya wa kampuni hiyohiyo huko Marekani, wakifundishwa kuongoza watu bila ubaguzi. Ni somo jema, na mameneja wengi walihitaji. Lakini hakuna hata mmoja aliyeshika spana.

Tena mafunzo ya mbali si mageni kwetu. Mwezi wa Machi 2020 shule za Kenya zilifungwa kwa ajili ya korona, na masomo yakapelekwa kwa redio, televisheni na simu. Shule zote zilifunguliwa Januari 2021. Kila mzazi katika nyumba zetu ajua ni mtoto yupi aliyesoma na ni yupi aliyekaa bure: aliyesoma ni yule ambaye nyumbani kwao kulikuwa na stima, simu nzuri na pesa ya bando. Miwani hii nayo yataka stima na mtandao. Je, stesheni ndogo ambayo hata taa zake zazimika, vijana wake watafundishwa lini?

Na mwenye kamba ni nani? Kampuni ya Google ilianza kuwapelekea walimu programu yake ya safari za picha, iliyoitwa Expeditions, mwaka 2015. Mwaka 2021 ikaizima. Walimu walioizoea hawakuwa na la kufanya. Fundi mzee wa karakana hazimwi na mtu aliye California.

Liko neno la mwisho, nalo ni zito. Chombo hiki, wewe ukikitazama, nacho chakutazama. Chapima kila mwendo wa kichwa na mikono. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha ya kwamba kwa mwendo huo tu mtu mmoja aweza kutambuliwa kati ya watu zaidi ya 50,000. Basi mkono wako ukitetemeka siku ya mafunzo, habari hiyo yakaa kwenye faili ya nani? Wengine wakivaa miwani hii hupatwa na kizunguzungu na kichefuchefu, kwa sababu macho yasema mwili unakwenda na masikio ya ndani yasema umetulia. Je, naye ataandikwa kwamba hafai kazi?

Kwa hiyo sisi twadai haya:

1. Miwani iwe kabla ya mazoezi ya kweli, isiwe badala yake. Asipewe mtu cheti cha ufundi mpaka aifanye kazi kwa mikono yake, fundi akitazama.

2. Asipunguzwe mwalimu wala fundi hata mmoja kwa sababu ya chombo hiki.

3. Saa za mafunzo zihesabiwe kuwa saa za kazi na zilipwe.

4. Habari zinazokusanywa na miwani zisitumiwe kumwadhibu wala kumfukuza mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ipo, na ifuatwe.

5. Mwenye kizunguzungu afundishwe kwa njia nyingine bila hasara.

6. Chama kiitwe mezani kabla ya chombo kununuliwa, si baada yake.

Mwanachama, ukiletewa karatasi ya kukubali mafunzo haya, usitie sahihi upesi. Ilete kwenye mkutano wa tawi, tuisome pamoja.