Orodha ya Majina Isikae Kichwani mwa Fundi

Natunza tovuti za watu hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, na wateja wangu wengine wako Beni: maduka, shule, chama cha wakulima wa kahawa. Kila ninapokabidhiwa seva iliyokuwa mikononi mwa fundi mwingine, namwuliza mwenye mali: humu ndani mna majina mangapi ya tovuti? Wengi hutaja moja tu, la kwao. Nikifungua nakuta saba, mengine ya watu wasiowafahamu.

Kwa nini seva moja ibebe majina mengi? Anwani za IP za toleo la nne zimekuwa haba. AFRINIC, shirika linalozigawa Afrika, liliingia awamu ya mwisho ya mgawo Januari 2020. Basi tovuti nyingi hukaa kwenye anwani moja kama maduka ya galeri mjini kwetu, yote yana mlango mmoja wa barabarani. Tangu HTTP 1.1 ya mwaka 1997, kivinjari kinalazimika kutaja jina kinalolitafuta, na seva humpeleka mgeni panapomhusu. Jina lisipokuwamo kwenye mipangilio, kwa kawaida seva haikatai: humfungulia tovuti iliyo ya kwanza. Ndivyo wazazi wa shule moja ya Beni walivyotafuta matokeo ya watoto wao wakakuta bei za mabati. Jina la shule lilikuwa limefutwa, na fundi alikuwa amekwishahama.

Ukiwa nje ya seva, huwezi kuyapata majina yote. Kuiuliza DNS, mfumo unaounganisha majina na anwani, anwani hiyo ni ya nani huleta kwa kawaida jina moja, mara nyingi la kampuni inayokodisha mashine. Kumbukumbu za wazi za vyeti vya usalama huonyesha majina yaliyowahi kupewa cheti, si mahali yanapokaa leo. Ukweli umo ndani ya seva. Kwa seva inayotumia programu ya Apache, amri ya apachectl -S hutoa kila jina, faili lilimoandikwa na namba ya mstari. Kwa Nginx, nginx -T humwaga mipangilio yote, nawe unasoma mistari ya server_name. Kisha linganisha kila jina na DNS, maana jina laweza kubaki kwenye seva ilhali muda wake wa kulipiwa umekwisha. Hapo ndipo hatari ilipo: mgeni akilinunua, anaweza kupokea hata barua pepe zinazotumwa kwenu.

Kwetu jambo hili si la mafundi peke yao. Mauaji yaliyoanza eneo la Beni Oktoba 2014 yamewahamisha watu wengi. Fundi aliye Beni leo, kesho yuko Kampala au Bunia, na orodha iliyo kichwani mwake imeondoka naye. Na wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, tuliona uvumi unavyoua. Hospitali isiyojua majina yake yako wapi itatangaza ukweli kupitia mlango gani?

Wakuu wa shule, wa hospitali, wa vyama: mwambieni fundi wenu aendeshe amri ya kuorodhesha majina mbele yenu wiki hii. Kando ya kila jina aandike nani analilipia, kwa barua pepe ya nani, na linaisha lini. Nakala moja ikae ofisini, nyingine nje ya mji. Fundi akikataa, msimwachie seva.