TAHARIRI: Kumbukumbu zisiungue na jengo

Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi lililoshindwa Burundi, redio binafsi za Bujumbura zilishambuliwa. Sisi waandishi tuliokimbia tunajua: kilichohifadhiwa ndani ya jengo moja huondoka na jengo hilo.

Asasi nyingi zisizo za kiserikali husema hazina fedha za kutunza nakala. Mara nyingi kinachokosekana ni utaratibu. Anayenakili gigabaiti 100 nzima kila wiki atajaza 400 kwa wiki nne. Akinakili zote mara moja, kisha yaliyobadilika tu, tuseme gigabaiti 2 kwa wiki, atahitaji 106. Programu ya bure kama restic hufanya hivyo, na hufunga nakala kwa nywila.

Nafasi iliyookolewa iweke nakala ya pili nje ya nchi. Ushahidi wa waliodhulumiwa ukipotea, anayefurahi ni aliyewadhulumu.